Kiti cha kayaki ya kujitengenezea: namna ya kukipima na kukichonga kilingane na mwili wako

Baada ya kipindi chetu kuhusu mafundi wa vyombo vidogo vya majini, maswali mengi yaliyotufikia kwa simu hayakuhusu mbao wala rangi. Yalihusu makalio. Wasikilizaji waliojitengenezea kayaki kwa plaiwudi wanasema chombo kinaelea vizuri na kinakwenda mbio, ila ukikaa nusu saa miguu inakufa ganzi, mgongo unauma, na ukifika ufukweni hujui utasimamaje.

Tulicheka kidogo, tukasema twende tukajionee wenyewe. Fundi mmoja kijana alituazima kayaki yake. Ndani alikuwa ameweka ubao bapa, na juu ya ubao kipande cha godoro la zamani. Dakika kumi za kwanza tulikuwa wafalme. Dakika ya ishirini godoro lilikuwa limekunywa maji na kugeuka uji. Dakika ya arobaini mwenzetu aliyekuwa ndani alirudi kwenye matete, akaweka mikono ukingoni ili ainuke, na miguu ikakataa. Alianguka ubavu kwenye maji ya kiunoni, na ilibidi ashikwe makwapani atolewe kama mzigo.

Pale palikuwa na kina cha kiunoni na watu wawili wa kumshika. Kayaki ikipinduka mbali na ukingo, mtu mwenye miguu iliyokufa ganzi hawezi kujisukuma atoke kwenye tundu, wala hawezi kuogelea sawasawa. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii starehe tu.

Makala haya yanaeleza kiti chenyewe: kwa nini ubao bapa hauwezi kazi, namna ya kujipima, sponji ipi inafaa, na jinsi ya kukichonga kwa vifaa unavyoweza kuvipata mnadani au kwa fundi viatu.

Chombo kilichovaliwa

Kayaki haikuzaliwa kwetu. Ilitengenezwa na watu wa nchi za baridi kali za kaskazini: Wainuit wa Greenland, Kanada na Alaska, pamoja na jirani zao wa visiwa vya Aleut. Huko miti haioti, kwa hiyo mifupa ya chombo ilijengwa kwa magogo yaliyoletwa na bahari na kwa mifupa ya nyangumi, kisha ikavikwa ngozi za sili zilizoshonwa. Walikitumia kuwindia kwenye maji ambayo mtu akianguka humo, muda wake ni mfupi.

Mwindaji hakununua kayaki iliyokwisha tengenezwa. Chombo kilipimwa kwa mwili wake, kama fundi cherehani anavyopima suruali. Kipimo kinachotajwa sana ni urefu wa mara tatu ya mikono iliyonyooshwa pande mbili, na upana wa nyonga ukiongeza ngumi mbili. Kwa sababu hiyo hawakuhitaji kiti cha kupandia. Walikaa chini kabisa, juu ya ngozi ya mnyama iliyotandikwa kwenye sakafu, na nyonga zao zilishikwa na chombo chenyewe. Ndiyo maana wengine husema kayaki haipandwi, inavaliwa.

Sisi tunaojenga leo kwa ramani ya mtu mwingine, mara nyingi iliyopatikana kwenye simu, tunapata chombo kilichopimwa kwa mwili wa mtu tusiyemjua. Kiti ndicho kinachorudisha kile kipimo. Waganda wanaocheza kwenye maporomoko ya Mto Nile karibu na Jinja wanalijua jambo hili vizuri: kabla ya kuingia majini utawaona wakibandika vipande vya sponji pembeni mwa nyonga na kuvipunguza kwa kisu, mpaka chombo kiwashike. Maji ya kule yana hasira kuliko ziwa letu, lakini mwili wa binadamu ni uleule.

Kinachoumia ni nini hasa

Kaa kwenye benchi gumu, weka viganja chini ya makalio, utasikia mifupa miwili imechomoza. Hiyo ndiyo mifupa ya kukalia, na Mungu ameiweka pale kwa kazi hiyo. Inavumilia uzito. Tatizo ni kwamba kwenye ubao bapa uzito wote unashuka kwenye nukta hizo mbili tu, na nyama iliyo katikati ya mfupa na ubao inabanwa mpaka damu inashindwa kupita vizuri.

Tatizo la pili liko nyuma. Kwenye kayaki miguu imenyooka mbele, si kama kwenye kiti cha nyumbani ambako magoti yanashuka. Ukinyoosha miguu, misuli ya nyuma ya mapaja inavuta nyonga, nyonga inalala nyuma, na mgongo wa chini unapinda kama upinde. Uzito unahama kutoka kwenye mifupa ya kukalia na kwenda kwenye kifandugu, ambacho hakikuumbwa kubeba kitu.

La tatu ndilo linaloua ganzi miguu. Mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kwenye nyonga unapita nyuma ya paja kwenda mguuni. Ukingo wa mbele wa ubao ukiwa mkali, unalikata paja palepale. Na kama mapaja yananing'inia bila kushikwa na kitu, uzito wa miguu yote unavutwa na nyonga na kisigino, na misuli inachoka kabla hujafika popote.

Kwa hiyo kiti kizuri kinafanya kazi tatu: kinasambaza uzito kwenye makalio yote, kinaacha kifandugu hewani, na kinainua mapaja kidogo kwa mbele ili yapumzike. Kumbuka hizo tatu, maana ukichonga utazirudia.

Kimo: hapa ndipo watu wanapozama

Mtu akiumia, jambo la kwanza analofanya ni kuongeza sponji. Anaongeza tabaka moja, anasikia nafuu, anaongeza la pili. Kisha anashangaa kayaki iliyokuwa imetulia imeanza kuyumba kama mlevi.

Kila aliyekulia kando ya maji amekemewa na mzee asisimame kwenye mtumbwi. Ni kanuni hiyohiyo. Uzito wa mtu aliyekaa umekusanyika karibu na kitovu. Ukiupandisha, chombo kinapoteza utulivu. Mtumbwi mpana wa samaki utakusamehe. Kayaki nyingi za kujitengenezea zina upana wa sentimita 55 hadi 65, na hapo sentimita tatu za kimo unazisikia mara moja, hasa wimbi la ubavuni linapopita.

Ushauri wetu, na mafundi tuliozungumza nao wanakubaliana nao: sehemu inayopokea mifupa ya kukalia isizidi sentimita mbili au mbili na nusu kutoka sakafu. Kiti kinakuwa kizuri kwa umbo lake, unene hausaidii. Ukijikuta unatamani kuongeza sponji chini, kwanza jaribu kupunguza pale panapokuumiza. Mara nyingi dawa iko kwenye kisu.

Kujipima kwa boksi na mchanga

Tafuta kipande cha boksi lenye mawimbi ndani, kama yale ya kupakia soda au biskuti. Kiweke juu ya kitu kigumu, ubao au ngazi ya saruji. Vaa nguo nyepesi, ukae juu yake, inua visigino kidogo na uinamie mbele, hesabu mpaka thelathini. Ukiinuka, pitisha vidole au angaza tochi ya simu kwa ubavu. Utaona mabonde mawili. Zungushia kalamu na upime kutoka kati ya bonde moja hadi kati ya jingine. Hiyo ndiyo nafasi ya mifupa yako. Usikope kipimo cha rafiki yako, hata kama mnavaa suruali saizi moja. Kwa kawaida wanawake wana nafasi pana zaidi kuliko wanaume, lakini kila mtu apime yake.

Kisha pima upana wa nyonga ukiwa umekaa, si ukiwa umesimama, maana nyama hutanuka. Kaa sakafuni ukutani, mtu akuwekee vitabu viwili vilivyosimama kila upande, toka, pima kati ya vitabu. Pima pia kutoka ukutani hadi katikati ya paja; hapo ndipo ukingo wa mbele wa kiti utaishia. Kwa watu wazima wengi kiti hutoka kati ya sentimita 33 na 38 kwa upana, na urefu kama huohuo.

Kuna kipimo kingine tulichokipenda zaidi kwa sababu hakina gharama. Nenda kwenye mchanga wenye unyevu, ule unaoshikana ukiubana mkononi. Usawazishe, kaa ukiwa umenyoosha miguu na magoti yamekunjwa kidogo, nyayo zikisukuma gogo. Shika fito kama umeshika kafi, piga makafi ishirini ya hewani, kushoto kulia. Kisha watu wawili wakuinue wima, usijiburuze. Ulichoacha pale ni picha ya kiti chako.

Laza fimbo iliyonyooka juu ya shimo, na kwa kijiti chembamba pima kina kila baada ya sentimita tano. Andika namba kwenye boksi. Angalizo moja: mchanga hukimbia pembeni, kwa hiyo kina chake ni kikubwa kuliko kinachohitajika. Umbo lichukue kama lilivyo, kina kichukue nusu. Na usisahau kupiga picha kwa simu kabla watoto hawajapita juu yake.

Sponji ipi, na ipi hapana

Godoro ni hapana. Vitundu vyake vimeunganishwa, hewa inapita, na palipopita hewa maji nayo yatapita. Kinachotakiwa ni sponji ambayo kila kitundu kimejifunga peke yake. Ili kujua, chukua kipande, kifungie jiwe, kizamishe kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi kikamue. Kikitoa maji, kirudishe kitandani.

Inayofaa iko miguuni mwetu: malapa, ambayo wengine huita ndala au kandambili. Yale mepesi ya sponji, si yale mazito ya mpira wa tairi. Hayanywi maji, yanakatika kwa kisu, yanakubali gundi ya viatu, na yaliyochakaa yanapatikana bure. Pwani ya Kenya bahari inayatapika kwa maelfu. Ile jahazi ya Flipflopi iliyojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa rangi za malapa ilisafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019, na mwaka 2021 ikazunguka Ziwa Victoria. Kama malapa yanaweza kuvika jahazi, kiti hakiwezi kuyashinda.

Mikeka ya mazoezi iliyotumika inafaa pia, kama mnada wenu unaileta. Vilevile sponji ngumu ya kufungashia mashine. Yale mapovu meupe ya kufungashia friji na televisheni yanaelea vizuri lakini hayafai kukalia: yanavunjika punje punje, na gundi ya viatu au petroli huyayeyusha mbele ya macho yako. Yabaki kwenye maboya.

Tafadhali, na hili tunalisema kwa uzito, usikate jaketi okozi zima ili upate sponji ya kiti. Tumeona. Jaketi likiwa limechanika na kuchoka kabisa, sawa. Likiwa bado linafaa, kazi yake ni kifuani.

Kujenga tofali

Kata kila lapa liwe pembe nne, ukiondoa kisigino kilicholika na mashimo ya mikanda. Unabaki na kipande cha kama sentimita 8 kwa 22. Kwa kiti cha sentimita 35 kila upande unahitaji vipande saba kwa tabaka moja, na matabaka matatu, yaani malapa ishirini na moja. Unene wa lapa moja ukiwa sentimita moja na nusu, utapata tofali la sentimita nne na nusu.

Kwaruza nyuso kwa msasa, futa vumbi. Paka gundi ya fundi viatu pande zote mbili, nyembamba, na usiunganishe papo hapo. Subiri dakika kumi hadi kumi na tano mpaka ukiigusa inanata bila kuvuta nyuzi. Hapo unganisha, na uweke sawa mara ya kwanza kwa sababu haitakupa nafasi ya pili. Maungio ya tabaka la juu yasiangukie juu ya maungio ya chini, kama mwashi anavyopanga matofali. Pigapiga kwa nyundo ya mbao, weka mawe juu, ilale usiku mmoja.

Gundi hiyo ina mvuke mbaya na inashika moto haraka. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara, na watoto wasikae hapo wakitazama.

Kuchonga

Vifaa ni vichache: kisu cha mkate chenye meno au kisu kirefu chembamba kilichonolewa vizuri, tupa ya mbao, na msasa wa kukwaruza kisha msasa laini. Ukiwa na kokoto ya kusugulia miguu, nayo inafanya kazi nzuri kwenye kona.

Weka boksi lako juu ya tofali, chora mabonde mawili ya mifupa. Anza hapo. Chonga polepole mpaka katikati ya kila bonde pabaki sponji ya sentimita mbili. Mabonde yasiwe na kingo kama za kikombe; yawe kama sahani ya bati iliyotumika miaka mingi. Kutoka kwenye mabonde, acha sponji ipande taratibu kwenda mbele, ili ukingo wa mbele ubaki na ile sentimita nne na nusu. Hapo ndipo mapaja yatalala. Ukingo wenyewe uuzungushe kabisa uwe kama mgongo wa mwiko, usibaki na pembe yoyote.

Nyuma, katikati, kata mfereji wa upana wa vidole viwili kwa ajili ya kifandugu, ukianzia ukingo wa nyuma na kuja mbele kama urefu wa kiganja. Usiogope kuufanya mkubwa. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kifandugu chake kimekosa cha kugusa.

Sasa siri tuliyofundishwa na fundi seremala. Saga mkaa, upake nyuma ya kaptula ya zamani. Kaa kwenye kiti, kikiwa ndani ya chombo chenyewe, miguu ikiwa mahali pake. Jitingishe kidogo, inuka. Palipo juu mno patakuwa peusi sana, palipo chini hapatakuwa na kitu. Kwaruza peusi tu, futa, rudia. Mara ya kwanza utaona madoa mawili au matatu meusi. Mara ya tano au ya sita weusi utakuwa umetandaa kama kivuli. Hapo acha. Ukikata mno sponji hairudi, ni kubandika kiraka, na kiraka huwa hakikai sawa na mwanzo.

Jaribio la mwisho ni la nchi kavu. Weka kayaki uani, iegemezwe kwa mchanga isiyumbe, kaa ndani na usikilize kipindi cha redio cha saa nzima bila kutoka. Hatujipigii debe, ingawa mnakaribishwa. Saa moja ndiyo inayosema ukweli. Kiti kinachopendeza kwa dakika tano kinaweza kukutesa dakika ya hamsini. Ukisikia sindano kwenye vidole vya miguu, angalia ukingo wa mbele. Ukisikia moto sehemu moja, rudi kwenye mkaa.

Mbele kidogo au nyuma kidogo

Usibandike kiti kabla ya kukijaribu majini. Wewe ndiye mzigo mkubwa kuliko yote ndani ya kayaki, na ukisogea sentimita mbili chombo kinajua.

Kaa ndani kwenye maji tulivu ya magotini, na mtu asimame pembeni akupige picha ya ubavu, simu ikiwa karibu na usawa wa maji. Linganisha pua na mkia. Njia nyingine: jaza chupa ya plastiki maji mpaka ibaki povu dogo la hewa, ilaze sakafuni kwa urefu wa chombo, povu likikimbilia mbele, pua imeinuka. Kinachotakiwa ni usawa, au mkia uzame kidogo sana. Pua ikizama, chombo kinakuwa kikaidi na kutaka kugeukia upepo kila mara. Mkia ukizama mno, upepo unashika pua na kuipeleka unakotoka wewe hutaki. Sogeza kiti kidogo kidogo, weka alama kwa kalamu. Kama utakuwa unabeba nyavu au ndoo, jaribu ukiwa navyo, kwa sababu ndoo ya samaki nyuma yako inaharibu hesabu yote.

Ukishapata mahali, bado hatushauri kukigandisha kiti chote kwa gundi. Maji lazima yaingie, hata ya kwenye kafi tu, na yakikaa chini ya kiti kilichobandikwa yataozesha plaiwudi bila wewe kuona. Chonga mifereji miwili upande wa chini wa kiti ili maji yapite. Kishikilie kwa mikanda ya begi iliyofungwa kwenye mbavu za chombo, au kwa vipande viwili vya mbao pembeni. Usipige skrubu sakafuni. Tunajua umelielewa hilo, lakini tumeshaona kayaki yenye matundu manne.

Mgongo, nyonga na nyayo

Wengi wanataka egemeo refu kama la kiti cha gari. Kwenye kayaki linasumbua: linakuzuia kugeuza kiwiliwili, na nguvu ya kafi inatoka kwenye kiwiliwili, si mikononi. Mkanda mpana wa kiganja kimoja na nusu, uliowekwa sponji, ukishika kiunoni juu kidogo ya makalio, unatosha. Usipande juu ya ukingo wa tundu.

Pembeni mwa nyonga weka vipande vya sponji ili usiteleze chombo kinapoyumba. Acha nafasi ya kidole kimoja kila upande. Vinapaswa kukushika ukijiegemeza, na kukuachia ukitaka kutoka.

Nyayo zinahitaji kitu cha kusukuma, bila hivyo mwili unateleza mbele na kazi yote ya kuchonga inapotea. Ubao mdogo wenye notchi kwenye reli mbili za pembeni unatosha, ili usogezwe akikaa mtu mwingine. Magoti yabaki yamekunjwa kidogo. Miguu iliyonyooka kama fimbo ndiyo inayolaza nyonga nyuma, na tumekwisha kueleza mwisho wake.

Zoezi la kutoka

Kiti kinachokushika vizuri kinaweza kukushika vibaya. Kabla ya safari ya kwanza, fanya zoezi hili kwenye maji ya kifuani, jaketi okozi likiwa limevaliwa na kufungwa, mtu anayejua kuogelea akiwa amesimama kando yako. Vuta pumzi, pindua chombo makusudi, shika kingo za tundu kwa mikono miwili, jisukume kama anayevua suruali. Fanya mara kumi. Kama mara moja tu nyonga zimekwama, punguza sponji za pembeni siku hiyohiyo.

Chagua mahali pasipo na matete wala konokono wengi. Ziwa Victoria lina kichocho, na anayeingia majini mara kwa mara aende kituo cha afya kupimwa. Dawa yake ipo. Mahali penye viboko au mamba hatuhitaji kuwaambia, wenyeji ndio mnaotufundisha sisi.

Asiyehisi maumivu

Tulipata swali kutoka kwa msikilizaji aliyeumia uti wa mgongo, anayetaka kupiga kafi kwa sababu mikono yake ina nguvu. Inawezekana, mbio za kayaki kwa watu wenye ulemavu zimo kwenye michezo ya Paralimpiki tangu Rio mwaka 2016. Lakini kwake kiti ni jambo la hatari zaidi kuliko kwetu. Sisi tukibanwa, maumivu yanatuambia tusogee. Asiyehisi anaweza kukaa saa mbili juu ya ukingo mkali, na kuja kugundua kidonda usiku.

Kwake yeye mkaa uwe na kazi kubwa zaidi, na mabonde yavikwe tabaka laini juu. Aanze kwa dakika kumi na tano, kisha mtu amkague ngozi, au ajipige picha kwa simu. Alama nyekundu ikibaki nusu saa baada ya kutoka, kiti hakijawa tayari. Nguo zilizolowa abadilishe mara moja, kwa sababu ngozi yenye unyevu huchubuka upesi. Asijifunge mkanda wowote wa kumbana kwenye kiti. Kabla ya yote azungumze na mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali anayohudhuria.

Matunzo

Baada ya safari toa kiti, suuza mchanga, kikauke kivulini. Jua kali hukunjisha malapa na kulegeza gundi. Panya wanaipenda sponji, kwa hiyo kitundike. Kila baada ya miezi michache pima tena unene wa mabonde: sponji ya malapa hulala kwa uzito, na sentimita mbili huweza kuwa moja. Ikifika hapo, kata sehemu ya mabonde tu, bandika kipande kipya, chukua mkaa na ile kaptula, uanze kukwaruza.